Sauti Katika Chungu cha Mbegu

Kila asubuhi, kabla jua halijachungulia juu ya vilima vya Kyuso, Ndunge alikuwa ameshafagia ua, amewafungulia mbuzi na kumwashia Susu wake moto wa chai. Susu ndiye bibi, mama yake mama, na ndiye aliyemlea tangu wazazi wake waende kufanya kazi mbali. Baada ya chai kulikuwa na kazi moja zaidi ambayo Susu hakuruhusu irukwe hata siku moja. Ndunge aliyachota majivu ya jana mekoni, akayachekecha mpaka yakawa laini kama unga wa mtama, kisha akayamimina ndani ya kopo.

Susu hakutupa majivu. Majivu yalisugua sufuria, yalifukuza siafu mlangoni, na zaidi ya yote yalilinda mbegu zisiliwe na wadudu. Katika pembe ya jiko lao kulikuwa na chungu kikubwa cha udongo, mdomo wake mpana, kimefunikwa kwa ungo uliochakaa. Humo ndimo zilimolala ndengu za mbegu, zimechanganywa na majivu tangu zilipovunwa, zikingoja mvua za mwezi wa kumi.

"Kitu kikilala majivuni, fukusi hakigusi," Susu alikuwa akisema. "Hata mimi mkinizika, nimwagieni kidogo."

"Susu, wacha maneno hayo!"

"Maneno gani? Si nacheka tu."

Ndunge alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwanafunzi wa Gredi ya Tano katika shule iliyokuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwao. Zamani mwendo huo ulikuwa mrefu sana, kwa sababu aliutembea akiburuta miguu. Hesabu ndizo zilizomtesa. Akiitwa ubaoni midomo yake iligandamana, na darasa zima likacheka. Ikawa kila siku yenye hesabu tumbo linamuuma. Susu alimpikia dawa za mizizi chungu nzima, naye akazinywa zote, kwa kuwa hata uchungu wa mizizi ulikuwa afadhali kuliko kile kicheko.

Halafu akaja Mwalimu Mwangangi.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, aliyeinama kidogo kama mhindi uliobeba, na kipande cha chaki hakikumtoka sikioni. Shule ilikuwa na vishikwambi, lakini masomo yaliyokuwamo yalikuwa ya watoto wa madarasa ya chini. Mwalimu akachukua kimoja, akakifunga utepe mwekundu ili kisichanganyike na vingine, na likizo nzima akakaa nacho. Shule zilipofunguliwa, mchezo ulikuwa tayari. Aliuita Soko Letu.

Ulikuwa mchezo wa namna gani? Ukikigusa kioo, soko linafunguka: huku mafungu ya ndengu, huku maembe, kule mbuzi, na punda wa maji. Picha zote walizichora wanafunzi wenyewe, Mwalimu akazipiga picha. Kisha inasikika sauti yake: "Mama Kanini ana mbuzi ishirini na wanne. Robo yao ni weusi. Waguse mbuzi weusi!" Ukipata, mbuzi analia kwa furaha. Sauti ya mbuzi huyo ilikuwa ya mbuzi wa Susu. Mwalimu alikuja nyumbani kuirekodi, na yule mbuzi akanyamaza kimya kama mgeni aliyenyimwa chai, mpaka Mwalimu akakata tamaa na kukitia kishikwambi mkobani. Hapo ndipo alipolia, "Meee!" na Mwalimu akaanza kuhangaika na zipu ya mkoba huku Susu akicheka mpaka akakaa chini.

Na ukikosea je? Kishikwambi hakikucheki. Sauti ilisema polepole, "Bado, rafiki. Rudi nyuma, hesabu tena." Basi. Unarudi nyuma, unahesabu tena, na hakuna anayekutazama. Ndunge alikosea mara thelathini siku ya kwanza. Siku ya pili akakosea mara kumi na mbili. Mwezi haukuisha kabla hajamwambia Susu kwamba tumbo limepona.

Mchezo huo ulimrudisha shuleni mtoto mwingine pia. Kanyiva, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa ameacha masomo mwaka mzima ili awaswage punda wa maji wa kwao. Siku moja alileta mitungi ya maji katika jiko la shule, akasikia vicheko na mlio wa mbuzi darasani, akasimama dirishani. Mwalimu hakumfukuza wala hakumwuliza kwa nini hasomi. Alimpitishia kishikwambi dirishani tu. Jumatatu iliyofuata Kanyiva alikuja na sare yake ya zamani, imembana mabegani. Tangu siku hiyo yeye na Ndunge walikaa dawati moja.

Mwezi wa nane, wakati wa likizo, Mwalimu Mwangangi alikufa. Figo zilikuwa zimemsumbua muda mrefu. Zile Ijumaa alizokuwa akitoka mapema kwenda Kitui, watoto walidhani anaenda kuwaona watu wake, kumbe alikuwa akienda hospitali. Gredi ya Tano waliimba kaburini, na wimbo ukakatika katikati kwa sababu hakuna aliyeweza kuumaliza.

Muhula wa tatu akaja Mwalimu Shufaa, kijana kutoka Mwingi, mwenye hijabu ya buluu na sauti ndogo. Siku ya kwanza alikiweka mezani kile kishikwambi chenye utepe mwekundu.

"Mimi nitawafundisha," akasema, "na yeye ataendelea kuwafundisha. Sitamnyamazisha. Lakini masomo haya yako humu peke yake. Alhamisi ya wiki ijayo nitakuja na kipakatalishi changu, tuyanakili katika vishikwambi vyote. Mpaka hapo, hiki kitunzwe kama yai."

Kazi ya kuvichaji vishikwambi kila Jumatatu asubuhi, kwa umeme wa sola uliokuwa ofisini, ilikuwa ya Kanyiva. Ya kufagia ofisi kila Ijumaa jioni ilikuwa ya Ndunge. Na sheria ilikuwa moja: vishikwambi havitoki nje ya shule.

Ijumaa hiyo Ndunge alifagia, akapanga viti, kisha akasimama mbele ya kabati. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake. Darasani sauti ya Mwalimu ilikuwa ya watu wote. Watu walisukumana, Mulwa wa darasa lao alipiga kelele, na kabla hujaisikia vizuri zamu yako imekwisha. Ndunge alitaka kuisikia peke yake. Hakutaka kuiba. Alijiambia hivyo: siibi, naazima, Jumatatu nitarudisha. Lakini hakumwomba mtu ruhusa, maana alijua jibu lake.

Jumamosi Susu alikwenda na akina mama wenzake kusafisha kanisa. Ndunge akaketi jikoni kwenye kigoda, akafungua Soko Letu. Siku hizi alizijua hesabu zote. Mbuzi weusi walikuwa sita. Lakini aligusa watano kwa makusudi.

"Bado, rafiki. Rudi nyuma, hesabu tena."

Akagusa saba.

"Bado, rafiki. Rudi nyuma, hesabu tena."

Alikosea hivyo asubuhi nzima, machozi yakimdondoka juu ya kioo, na kila mara Mwalimu akamvumilia.

Mara akasikia vicheko langoni. Susu amerudi, na amekuja na akina mama watatu kunywa chai! Ndunge akazunguka jiko zima kwa macho. Chini ya kuni? Kitaonekana. Darini? Hafiki. Macho yake yakatua kwenye kile chungu cha mbegu. Kitu kikilala majivuni, fukusi hakigusi. Alikuwa amelisikia neno hilo mara ngapi! Aliufunua ungo, akakizika kishikwambi ndani ya ndengu na majivu mpaka kikapotea, akafunika. Moyo wake ukatulia. Mahali pa kitu cha thamani, nyumba ile haikuwa na pengine pazuri zaidi.

Jumapili hakupata nafasi. Baada ya ibada Susu alishinda jikoni akichagua maharagwe ya kupikia muthokoi, ule mchanganyiko wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Ndipo Jumatatu alfajiri, Susu alipotoka kukama mbuzi, Ndunge akakifukua. Kilikuwa kimegeuka rangi ya kijivu. Akakikung'uta, akakipuliza. Tundu la chaja lilikuwa limejaa majivu kama pua ya mtu aliyetembea kwenye vumbi. Akachovya ncha ya kitambaa majini, akaisokota, akalisafisha lile tundu kwa uangalifu mwingi, kama anavyosafishwa mtoto sikio. Kioo kikang'aa. Akafika shuleni kabla ya mtu yeyote na kukirudisha kabatini.

Kanyiva alikuja, akachukua chaja, akachomeka.

Kukasikika mlio mdogo, *tak!* kama kijiti kinapovunjika. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa ofisini. Kanyiva akachomoa upesi, akabonyeza, akabonyeza tena. Kioo kikabaki cheusi.

"Umefanya nini?" Mwalimu Mkuu akauliza kutoka mezani kwake.

"Sijafanya kitu, Mwalimu. Nimechomeka tu vile huwa nachomeka."

"Vile huwa unachomeka, mbona leo kimeungua?"

Ndunge alikuwa mlangoni. Alikuwa ameelewa yote mara moja: majivu, maji, tundu. Alifungua mdomo. Midomo ikagandamana, kama zamani ubaoni.

Kufikia wakati wa mapumziko, shule nzima ilikuwa imesikia. Mulwa, ambaye hakujua kunyamaza, alipiga makofi Kanyiva alipopita. "Mpisheni fundi wa umeme! Kwanza Mwalimu alikufa, sasa huyu amemwua mara ya pili!"

Baadhi walicheka. Wengine hawakucheka, wakamtazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kanyiva alikaa kwenye dawati, mikono ameibana chini ya mapaja, kana kwamba anaiogopa mikono yake mwenyewe.

Kesho yake baba yake, Mzee Ndululu, aliitwa shuleni. Alikuja na viatu vya mpira, kofia mkononi, akamsikiliza Mwalimu Mkuu mpaka mwisho.

"Hatusemi amekiharibu makusudi, mzee. Tunasema hakuwa mwangalifu."

"Nimesikia," Ndululu akasema. "Mimi mtoto wangu ameswaga punda tangu ana miaka saba. Hajavunja hata mtungi mmoja. Mkisema hajui kutunza kitu, basi hamumjui. Na kama hamumjui, wacha nimrudishe kwa wanaomjua. Kanyiva, chukua mkoba wako."

"Mzee, haikuwa maana yangu..."

"Chukua mkoba, mama. Twende."

Kanyiva alichukua mkoba. Hakumwangalia mtu.

Wiki ile darasa lilikufa polepole, kama moto usiotiwa kuni. Hakuna aliyekimbia kuingia. Mwalimu Shufaa alijaribu kuwafundisha kwa vifuniko vya chupa na vijiti, akachora soko ubaoni, lakini sauti yake ndogo ilipouliza, hakuna aliyeinua mkono. Jumatano wanafunzi wanane hawakuja. Alhamisi alikuja na kipakatalishi chake kama alivyoahidi. Akakiweka mezani, akakifungua, akakitazama. Hakukuwa na kitu cha kunakili. Akakifunga taratibu na kusema, "Toeni vitabu," halafu akageukia ubao, na kwa muda mrefu hakuandika chochote.

Siku sita tu, tangu Ijumaa mpaka Alhamisi. Ndunge alizihesabu. Laiti angalingoja siku sita tu, sauti ya Mwalimu ingalikuwa katika vishikwambi vyote, na angaliisikia mpaka achoke.

Ijumaa, Susu alimtuma maji mapema kabla ya shule. Kisimani alimkuta Kanyiva na punda wake wawili, akijaza mitungi. Walisalimiana kwa shida. Kanyiva akakaza kamba, akazungumza bila kuinua uso.

"Ndunge, wewe ulikuwa mlangoni. Uliniona nikichomeka?"

"Nilikuona."

"Nilichomeka vibaya? Niambie tu, sitakasirika. Kila siku nafikiria. Kwanza nilikuwa najua sikukosea. Sasa sijui. Pengine mkono wangu ulikuwa na maji. Pengine nilisukuma kwa nguvu." Akafuta pua kwa kiganja. "Baba ananiamini. Mimi ndiye sijiamini."

Mtungi wa Ndunge ulifurika, maji yakamwagika miguuni, naye hakuona. Punda wa mbele akaanza kwenda, na Kanyiva akamfuata.

Ndunge alirudi nyumbani mbio, mtungi nusu tupu. Susu alikuwa jikoni, amekiinamia kile chungu, anachota ndengu kwa sababu kesho yake wangepanda. Ndunge alisimama mlangoni, akasema yote kwa mkupuo mmoja, tangu ufunguo kwenye msumari mpaka ncha ya kitambaa, akilia hata maneno yakapandana.

Susu alifungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na utepe mwekundu, umejaa majivu.

"Niliupata Jumatano," akasema. "Nilikuwa nakungoja."

"Ulijua, Susu?"

"Nilijua kuna kitu kimelala humu kisicho ndengu. Kingine sikujua. Nilisema mtoto wangu ataleta mwenyewe." Akautia utepe mfukoni. "Umechelewa kuleta, Ndunge. Siku tatu nimekutazama ukila chakula kama mtu anayekula mchanga, na siku hizo zote kuna mtoto wa wenyewe anaswaga punda kwa ajili yako. Vaa viatu."

"Tunaenda shule?"

"Shule baadaye. Kwanza tunaenda kwa aliyeumizwa."

Walimkuta Mzee Ndululu akirekebisha jembe la kukokotwa, na Kanyiva akiwafungua punda. Susu alikataa kiti. "Nimekuja na mwenye maneno," akasema. "Mimi nimemsindikiza tu."

Ndunge alisema. Mara hii hakulia, maana aliona kwamba akilia watamhurumia yeye, na haikuwa zamu yake ya kuhurumiwa. Alipofika kwenye kitambaa chenye maji, Kanyiva aliiachia kamba ya punda.

"Ulikuwa kisimani," Kanyiva akasema. "Leo hii. Nimekuuliza."

"Ndiyo."

"Nimekuuliza kama nilikosea, ukanyamaza."

"Ndiyo."

Kanyiva akageuka, akaingia nyumbani na kufunga mlango. Mzee Ndululu aliliweka jembe chini.

"Mtoto," akasema, "yale maneno nilimwambia Mwalimu Mkuu niliyasema kwa hasira. Lakini usiku ule nilimwuliza binti yangu mara mbili kama kweli hakukosea. Mara mbili. Umesikia? Umenifanya nimtilie shaka mtoto wangu mwenyewe." Akapumua. "Nenda ukaseme shuleni. Useme mbele ya wale waliocheka."

Alisema mbele yao. Alisimama pale pale ubaoni alipokuwa akichekwa zamani. Hakuna aliyecheka. Hata Mulwa aliinamisha kichwa, na wakati wa mapumziko akaonekana akizunguka peke yake nyuma ya choo akipiga mawe teke. Mwalimu Mkuu alimwondoa Ndunge katika kazi ya ofisi mpaka mwisho wa mwaka, kisha akapanda pikipiki, akaenda mwenyewe kwa Mzee Ndululu kuomba radhi.

Jumatatu Kanyiva alirudi. Hakukaa dawati la Ndunge. Alikaa nyuma, karibu na dirisha.

"Nimekusamehe," alimwambia Ndunge mlangoni. "Mama amesema nisamehe, na nimesamehe. Lakini hasira bado ninayo. Usinisemeshe kwanza."

Mwishoni mwa wiki hiyo Mwalimu Shufaa aliwachukua wote wawili, pamoja na Susu, mpaka Mwingi, kwa mjomba wake Othman, fundi wa simu na redio. Mzee Othman alitandika kitambaa cheupe mezani, akavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, akakifungua kishikwambi kwa bisibisi ndogo kama sindano. Majivu yakamwagika juu ya kitambaa cheupe.

"Subhanallah," akasema. "Hiki kimelala mekoni?"

"Kwenye mbegu," Ndunge akajibu.

Fundi alimtazama juu ya miwani, akarudi kazini. Alifanya kazi muda mrefu. Hatimaye akatikisa kichwa. Majivu makavu pengine yangalipulizwa yakatoka, alisema, lakini majivu yenye maji hula chuma. Umeme ulipoingia, uliunguza ubao wa ndani uliokuwa na masomo yote. Haurudi. Lakini kulikuwa na kadi ndogo pembeni, na hiyo ilikuwa nzima. Akaitia katika mashine yake.

"Kuna kitu kimoja tu," akasema. "Nadhani alikuwa anajaribu sauti."

Wote wakainama. Kulisikika kikohozi. Kukasikika kuku wa mbali, na kiti kikivutwa. Kisha, polepole:

"Bado, rafiki. Rudi nyuma, hesabu tena."

Ikaisha hapo. Mwalimu Shufaa aliigeuza shingo, akajifuta kwa ncha ya hijabu. Ndunge alitazama chini. Katika soko zima, mbuzi, punda, maembe, sauti za kusifu, kilichobaki kilikuwa neno analoambiwa mtu aliyekosea. Akahisi mkono ukiugusa wake. Kanyiva hakuwa amemwangalia. Alikuwa anatazama mashine tu, lakini kidole chake kimoja kilikuwa kimekishika kidole cha Ndunge.

"Rudisha tena, babu," Kanyiva akamwomba fundi. "Tusikie tena."

Basi wakarudi nyuma, wakaanza kuhesabu tena. Mwalimu Shufaa alikileta kipakatalishi chake, na kila alasiri Gredi ya Tano walitunga Soko Letu upya. Kanyiva alimchora punda, safari hii na mitungi minne. Mulwa, mwenye kelele, akapewa kazi ya kupiga kelele za mnadani. Ndunge alitunga maswali ya sehemu na robo, akayasoma kwa sauti yake, mara nyingine akirudia mara saba mpaka midomo iache kugandamana. Mbuzi wa Susu alikataa tena kulia mpaka walipokata tamaa. Wale wanane waliotoroka walirudi mmoja mmoja, kwanza kuchungulia dirishani, kisha wakaingia. Kila kazi ilipomalizika ilinakiliwa siku hiyo hiyo katika vishikwambi vyote, wala haikungoja Alhamisi. Na ukikosea katika mchezo huo mpya, sauti inayokujibu si ya mwanafunzi. Ni ya Mwalimu Mwangangi, na nyuma yake utamsikia kuku wake.

Haikuwa kama zamani. Ndunge alijua. Kuna siku darasa lilinyamaza ghafla katikati ya mchezo, kila mtu akikumbuka kwa wakati wake.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mvua, Ndunge na Susu walimaliza kupanda shamba la juu. Susu alikuwa mbele akifukua mashimo, Ndunge nyuma akitia ndengu tatu tatu na kufukia kwa mguu. Vidole vyake vilikuwa vya kijivu kwa majivu.

"Susu," akasema, "wewe ulisema kitu kikilala majivuni hakiharibiki."

Susu aliuegemea mpini wa jembe, akafikiri.

"Nilisema, na hapo nilikosa kukwambia nusu ya pili," akasema. "Mbegu tunaificha ili tuje tuitoe. Ikikaa chunguni miaka, hata majivu hayaiokoi. Wewe ulimpenda Mwalimu, ukataka awe wako peke yako. Kupenda si kosa, mjukuu wangu. Lakini ulichukua cha wote bila kuomba, na kilipoharibika ukamwacha mwenzako abebe mzigo wako. Kishikwambi kiliungua mara moja tu. Kanyiva alikuwa anaungua kila siku uliyonyamaza. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Ukweli ukicheleweshwa unafika, lakini unafika umeshapoteza vitu njiani."

Ndunge alitazama safu ndefu ya mashimo yaliyofukiwa. Huwezi kujua, kwa kutazama tu, kwamba kuna kitu chini yake.

"Vya njiani havirudi, Susu?"

"Vingine havirudi," Susu akasema. Akainua jembe. "Hebu rudi nyuma kidogo. Shimo lile umelitia mbili."

Ndunge akarudi nyuma, akainama, akaongeza ya tatu.